Mtoto wa Kike Unayemuulizia

Kwa mama yangu Maame Aba,

Si kwamba nimeziba masikio, Mama. Swali lako nimelipata kwa kaka Kweku, na kabla yake ulimtuma nalo muuza vitunguu, na kabla yake ulinipigia mwenyewe: lini nitakuzalia mtoto wa kike wa nyumba. Leo najibu, ila kwanza nikusalimu kama mtu aliyefunzwa. U hali gani? Goti je, na moshi wa samaki bado unakuliza? Mimi na wanangu tu wazima. Fiifi amerefuka mpaka suruali zinamkimbia, na mdogo wake anakula kama analipwa. Nimeandika kwa sababu simu yako unaifungulia sauti; nikisema haloo, Mankessim nzima inaitikia.

Unakumbuka mwaka ule niliokwambia niko Abidjan nauza nywele za bandia? Sikwenda, Mama. Nilikuwa hapahapa Tema, na nilikuwa na mimba. Usianze kunitafutia mwanamume, hakuwepo. Walikuwepo Bhavini na mumewe Jignesh, Wahindi wenye duka la masufuria, ambao nilikuwa nachukua kwao mali ya kutembeza. Mimba za Bhavini zilikuwa hazikai. Siku moja akaniuliza, huku anafuta sufuria ambayo ilikuwa safi tayari, kama namjua mwanamke mwenye afya wa kuwabebea mtoto. Mbegu yake Bhavini na ya mumewe, daktari anaipanda kwenye tumbo la mwingine. Nikamwambia namjua, amesimama mbele yako, na bei yake inazungumzika. Unanijua. Nimeuza maji baridi, nimeuza makava ya simu, hata mwavuli wa mtu aliyeusahau nimeuza. Lakini chumba cha kupangisha ambacho natembea nacho, hicho sikuwahi kukitia sokoni.

Wakaniweka nyumba ya uani kwao, wanangu nikawaacha kwa rafiki yangu. Sharti lilikuwa moja: nisile nyama, wala samaki, wala yai, maana kwao chenye uhai hakiliwi. Mimi, niliyekulia kwenye jiko lako la kukaushia samaki! Dengu asubuhi, dengu jioni. Siku moja nikashindwa, nikanunua kenkey, donge letu la mahindi, na samaki wa kukaanga, nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Bhavini akanifuma na mwiba mdomoni. Akanitazama weee, kisha akasema basi tumwombe mtoto asije akamwambia bibi yake.

Huyo bibi, mama yake Jignesh, ndiye tuliyekuwa tunamwogopa. Hakuambiwa kitu. Alijua mwenye mimba ni mkwewe, na Bhavini alikuwa anajifunga vitambaa tumboni, vinaongezwa kila mwezi kama mshahara wa bosi. Kwao mimba ikikomaa, mama huketishwa na wanawake wakamjazia mapajani mchele, nazi na bangili, wakimwimbia. Wakaja wote na dhahabu zao. Bhavini akaketishwa na vitambaa vyake, na mimi mwenye tumbo lenyewe niko jikoni na aproni, eti mpishi. Bibi akaingia kuchukua maji, akaliona tumbo langu, akaniuliza na wewe je, unatarajia lini. Nikamwambia, sawa na mkweo, Mama. Akacheka, akasema vizuri, watacheza pamoja.

Wageni walipoondoka, Bhavini akaja jikoni na vazi lake la sherehe, akapiga magoti sakafuni, akanimwagia vyote mapajani. Nikamtania kwamba mchele wenyewe haujachambuliwa. Hakucheka.

Kipimo kilisema ni msichana. Bibi alipopewa habari akasema si neno, Mungu akipenda wa pili atakuwa wa kiume. Bhavini alifurahi, lakini maneno hayo yalimchoma, akaniuliza kwetu mtoto wa kike huonwaje. Nikamwambia kawaida tu. Mimi, Mama, nilisema kawaida tu. Mimi ninayejua kwamba kwetu nyumba hupita kwa mwanamke, kwamba watoto wa kaka zangu ni wa nyumba za mama zao, kwamba Mama Mdogo alikufa bila kuzaa, kwamba nyumba yote imening'inia kwangu, nami nimeleta madume matupu. Nikajiambia wa kwetu nitamzaa baadaye. Haraka ya nini, njia tumbo linaijua.

Alizaliwa Ijumaa. Yeye alitoka salama, ila damu yangu ikagoma kukatika. Daktari akaniambia ama aondoe kizazi ama nife. Nikamwambia aondoe, mpangaji ameshahama. Wauguzi wakacheka. Basi ndilo jibu lako, Mama. Hakuna lini. Sitazaa msichana, sitazaa tena. Nyumba yako inafungwa na mimi.

Bhavini alilia kuliko mimi. Alinipa mtoto nimshike kabla hawajaondoka naye kwenda kwao Gujarat. Wamemwita Hetvi. Lakini kwetu wa kike aliyezaliwa Ijumaa huitwa Efua, wapende wasipende, na hilo nilimwambia sikioni. Daktari alinihakikishia kwamba hata tone la damu yangu halimo ndani ya mtoto yule. Nikamuuliza, muda wote ule alikuwa anakula wapi? Akaangalia saa.

Kumpa Bhavini mwanawe sijuti, ni wake. Najuta kwamba sikukuuliza. Tumbo lilikuwa langu, lakini mlango ule ni wa nyumba nzima, wa bibi zako na bibi zao, nami niliupangisha peke yangu huku natania. Sasa hata utani haunitoki vizuri.

Nisalimie kaka zangu, na wake zao hata yule asiyenipenda. Wofa msalimie pia, lakini usimwambie kitu. Yeye ni kaka yako, mjomba wangu, na mkuu wa nyumba. Akisikia pembeni ataona tumemvua nguo.

Tufanye biashara, Mama. Ijumaa hii, kabla hujawasha moto, mwaga maji kizingitini, uwataje wanawake wa nyumba mmoja mmoja kama unavyowataja kila mwaka, na ukimaliza jina langu, mtaje Efua. Mara moja tu, hata kwa kunong'ona. Ukikubali, nitumie neno, nami nakuja mwenyewe kumkabili Wofa na chupa ya pombe ya kuomba radhi. Matusi yake nitayabeba yote, wewe hutafungua mdomo. Ukiona haiwezekani, kwamba yule si wetu, usinitumie mtu wala neno. Nitaelewa, na ya matumizi nitaendelea kukutumia kama kawaida.

Mimi mwanao,
Araba