Makombo ya Zawadi

Wembley, Jumapili usiku

Na bado sijafagia chumba cha binti yangu. Makombo ya biskuti yapo pale pale chini ya kitanda, na ni mimi niliyempigia kelele mwaka mzima kwa ajili ya makombo hayo.

Zawadi ameondoka asubuhi kwenda kuanza mafunzo ya jeshi. Kwa hiari yake! Kwetu mpakani, enzi za Mwingereza, kila nyumba ilitoa mtu mmoja wa kulinda kivuko na kubeba mizigo ya ngome. Baba wa babu yangu alitolewa hivyo. Nyumba haikufagiwa mpaka habari ilipokuja kwamba amefika salama.

Nilimweleza haya mlangoni. Akacheka, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba yeye hakutolewa na mtu, ameomba mwenyewe.

"Ndicho kinachoniuma, mama," nikamwambia. "Wale walikuwa na wa kumlaumu."

"Dad, usilie kituoni. Watu wananijua pale," akasema, bado kwa Kiingereza.

Sikulia kituoni. Nililia jikoni, nikasingizia vitunguu, na nilichokuwa napika ni uji. Sijui nilikuwa namdanganya nani. Nyumba nzima ni mimi na friji.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Jioni simu ikalia. "Nimefika, baba," kwa Kiswahili, kumbe anakiweza.

Kwa hiyo ruhusa ya kufagia ninayo. Nimechukua ufagio, nikasimama mlangoni pake, nikaurudisha.

Akija likizo atafagia mwenyewe, mvivu yule.