Nguo ya Kilio ya Mama na Kazi ya Kisiwani

Lille, Ufaransa, siku ya Mungu, saa za jioni

Mama yangu,

Nakusalimia kwa mikono mibili. Uko namna gani? Lile goti la kuume linakusumbua bado wakati wa mvua? Na bajukuu bako, na jirani yetu Mama Consolata, na ile mbuzi yenye ilikuwa karibu kuzaa? Mi niko. Mwili muzima. Baridi ndiyo inanikula, lakini bugali ya muhogo nimeipata, kuna mama mumoja wa Angola anauza unga hapa karibu, kwa hiyo usifikiri nalala njaa.

Najua hii barua hauisome wewe, juu macho yako hayashike tena herufi. Mwenye kukusomea ni Wilondja, mudogo wangu. Basi Wilondja, salamu kwako pia. Soma polepole, soma kwa sauti, na pahali jina lako linatokea usikohoe ukaruka. Nimeomba mujomba ashuke kutoka Kilembwe akae pembeni yako. Alifundisha masomo miaka mingi, na karatasi yenye kuandikwa haimupiti, ukiruka atakurudisha. Ndiyo sababu nimeandika. Sauti zenye natumaka ku WhatsApp unamusikizisha mama nusu, halafu unasema rezo ya telefone imekata.

Mama, niko na hasira. Nakuambia mapema usishituke. Hasira si juu yako.

Unajua kazi yangu ya huku, kuogesha bazee na kubalisha, mu ile nyumba yenye bantu ba Bulaya banapelekaka bazazi babo. Mwezi uliopita patroni akaniita ku biro. Nikafikiri nimekosea kitu. Kumbe hapana, akaniambia bakubwa ba kazi banafungua nyumba ingine ya bazee ku Guadeloupe, na banataka mi niende kule kuongoza bengine. Guadeloupe ni kisiwa, Mama, mbali sana, mu bahari ya upande wa Amerika, lakini bantu bake banasema Kifaransa na ngozi yabo ni kama yetu. Bananipa nyumba ya kulala na mushahara wenye kupita huu. Kontra, mapatano ya kazi, ni ya miaka mibili, na katikati pale konje, ruhusa ya kurudi kwetu, haiko. Akasema nitoe jibu mbele mwezi wenye kufuata haujaisha.

Nikaenda kumuuliza Josette. Huyu ni mwenzangu wa kazi, alizaliwa kule kule kisiwani. Tulikuwa tunaosha sahani za bazee. Akaniambia kule jua linawaka, muhogo iko, ndizi iko, mvua inanyesha na muntu anaendelea na kazi yake bila koti. Nikamuuliza kama muntu anakufa kule banafanya namna gani. Akasema bantu banakuja kukesha inje ya nyumba ya marehemu, banakunywa supu, banapiga hadisi mpaka asubuhi. Nikasikia kama nataka kulia, juu ndivyo tunafanyaka, na tangu nifike Bulaya sijaona muntu akifa na jirani akajua.

Halafu Josette akauliza, "Na mavazi meusi, kwenu munavaa mpaka wakati gani?"

Nikamujibu, "Mpaka jamaa iondoe kilio."

"Na mama yako?"

"Bado anavaa."

"Si baba yako alikufa mbele tujuane, mi na wewe?"

Nikasema ndiyo. Akaweka sahani chini akaniangalia tu. Kwa ile macho yake, Mama, aibu yenye ilinishika pale sijawahi kuisikia.

Maneno yenye yanafuata wewe unayajua, yako ku mwili wako. Nayaandika kusudi Wilondja ayatamuke kwa mudomo wake mwenyewe. Tangu baba afe, mama yetu anavaa nyeusi. Haimbi mu korali, yeye mwenye alikuwa anaanzisha wimbo na kanisa yote inafuata. Ku harusi haendi. Ku Swima, pembeni ya ziwa, ule muchanga wenye alikuwa anaanikia samaki zake ndogo za ndagala umeshikwa na bengine, juu mujane wa kilio hasimami mbele ya bantu kuuza. Anakaa nyuma ya nyumba anatoa mawe mu muchele wa bengine. Desturi ni desturi, siitukane. Lakini desturi yetu inasema mwaka moja. Mwaka ukipita, bashangazi banamuogesha mujane, mujomba anamufungua kitambaa cha kichwa, anavaa rangi, anarudi kati ya bantu. Nani alisema miaka inaongezeka kama kamba ya ndoo?

Ulikuwa unaniambia, Wilondja, kwamba mujomba ndiye alikataa. Kwamba alisema muzaliwa wa kwanza asipokuwa pale kilio hakiondoke. Na mi nikaamini. Kwanza sikuwa na karatasi za kusafiri, halafu nilipopata karatasi vita ikafunga njia ya Uvira, na kila siku roho ikanihukumu kwamba ni mi ninamufunga mama. Basi patroni aliponiambia habari ya kisiwa, nilitaka kukataa pale pale. Nikasema hapana, kwanza mama. Lakini nikafikiri, tuko jamaa, acha niulize ndugu yangu. Nikakupigia.

Ukasema, "Yaya, dada yangu, kubali mara moja. Huu ni mulango Mungu amefungua."

Nikasema, "Na mama?"

Ukasema, "Mama atangoja. Amezoea."

Amezoea. Wilondja, rudia kulisoma hilo neno, mama akiwa anakuangalia. Mutoto mwenye alinyonya mpaka meno yakaota yote anasema mama yake amezoea kilio. Bazee banasema ng'ombe haelemewi na nunduye, na kweli mama hakulemewa na sisi hata siku moja. Lakini hii nundu yenye umemuongezea si yake, ni yako.

Ukaendelea, na furaha ilikuwa mu sauti. Ukasema nikipata mushahara wa kisiwa tutaondoa kilio kwa namna muji wetu wa Baraka haujaona: ng'ombe mbili, hema kubwa, bafle za kupaza muziki, bapiga muziki ba kutoka Uvira, jamaa yote mu kitambaa kimoja cha kikwembe, na foto ya baba ku mashati. Mwisho ukasema, "Kusudi bantu bajue tuko na dada Bulaya."

Sasa nisaidie kufikiri, we mwenye akili. Mi niende kisiwani miaka mibili nitafute ng'ombe za kumutoa mama mu kilio, na mama abaki mu kilio miaka mibili juu mi nimeenda kutafuta ng'ombe. Muchawi ndiye anapigaka hesabu namna hiyo. Na baba mwenyewe, muvuvi, hema aliijua wapi? Alikuwa anasema sherehe yenye jirani anasikia kelele yake na hapati chakula yake ni matusi.

Nilikuaga tu siku ile, juu nilijua nikiendelea nitasema neno lenye halirudi. Wiki yenye ilifuata nikakupigia wewe, Mama, ku telefone ya Mama Consolata. Unakumbuka. Tuliongea juu ya mvua na juu ya mbuzi. Halafu ukasema kwa sauti ndogo, kama muntu anasema habari ya bengine, "Consolata ameisha kuondoa kilio ya bwana yake. Balipika maharagi. Bantu ni kidogo tu. Sasa anaenda shamba." Halafu ukasema, "Na yeye ni mukimbizi, Riziki. Alitoka Burundi na mikono mitupu, hata shamba analima ni ya kuazima."

Nikakuuliza, "Mama, wewe unataka nini?"

Ukasema, "Mi? Mi nangoja Wilondja. Yeye anakungoja wewe."

Na mi nilikuwa nangoja ninyi. Mama, nilikata telefone nikakaa chini mu korido ya kazi na nguo ya kazi, na kizee mumoja akapita na kiti chake cha magurudumu akanishika kichwa. Hakuna muntu mwengine aliyenishika kichwa tangu nifike huku.

Ndipo nikamupigia mujomba. Nikamuuliza kwa heshima kama ni yeye alisema kilio kingoje muzaliwa wa kwanza. Akacheka, lakini haikuwa kicheko cha furaha. Akasema, "Nani, mi? Mwaka ulipotimia nilishuka na jogoo ku mukono, tayari kumufungua dada yangu kitambaa. Ndugu yako akanirudisha njiani. Akasema hema haijapatikana, na yaya hajatuma."

Nikasema, "Na yule jogoo, mujomba?"

"Nilimukula, mutoto. Angengoja namna gani?"

Wilondja, mujomba iko hapo pembeni yako. Muangalie. Umebebesha muzee wetu uongo, ukanibebesha mi hatia, ukamubebesha mama nyeusi, na wewe mwenyewe mikono mitupu, unazunguka Baraka unaulizia bei ya bafle. Sikuite mwizi wala muntu mubaya. Nakuita muntu mwenye alipenda kuonekana kuliko kupenda mama yake, na hiyo nayo inauma zaidi, juu mi ndiye nilikubeba mugongoni ukiwa mudogo, na kutembea nilikufundisha mi.

Sasa juu ya kisiwa. Kati ya bote benye balisikia hakuna mumoja aliniuliza kama mi mwenyewe nataka. Balisema mulango, balisema mushahara, mpaka muchungaji aliniombea kwa sauti ya telefone na sikuwa nimejibu kitu. Basi nasema leo. Nataka kwenda. Nimechoka kuvaa soksi mbili. Nimechoka na mbingu yenye kufanana na sufuria yenye haijasuguliwa. Nataka kuamuka nione maji inapiga ku muchanga, hata kama ni ya chumvi na haina samaki zetu, mukeke wala ndagala. Nataka siku moja mi ndiye niwe mukubwa wa kazi, bengine baniulize mi. Sitaki kwenda juu ya ng'ombe. Nataka kwenda juu mi mwenyewe nimependa.

Lakini naogopa, Mama, na hofu yangu iko moja. Naogopa ufe ukiwa mu nyeusi, na mi niko ku kisiwa, na bakuzike nayo. Nimeisema. Kila siku naogesha bamama benye umri wako, nabavalisha kanzu za maua, na mikono yangu inajua kwamba mama yangu mwenyewe hana maua. Kontra iko mu kabati, haina sinyo yangu, jina langu sijaliandika. Na haitaipata mbele sijaona kitu kimoja, ambacho ni foto yako ukiwa mu rangi. Isipofika mbele mwezi haujaisha, nitamurudishia patroni karatasi yake, na muzee yeyote wa jamaa asiniulize kwa nini.

Ku kifurushi kile chenye muletaji amewapa na hii barua, yule mama wa kanisa mwenye amepita Kigoma na kuvuka ziwa, muko kikwembe. Ni ya manjano, na majani ya kijani. Nilichagua ile yenye kupiga kelele kabisa, juu wewe umenyamaza sana. Kiko kimoja tu. Hakuna cha jamaa yote, na hakuna foto ya baba juu yake. Baba tunamubeba mu roho, haombe kuwekwa ku mugongo wa bantu.

Na sasa nakuambia kitu chenye Wilondja hajui. Shangazi, dada mukubwa wa baba, nilimuomba afike leo asubuhi, siku yenye tulipatana na muletaji awape hii barua, na najua amefika, juu yeye hajanidanganya hata siku moja. Kama amefanya vile tulipatana, maji ya ziwa iko tayari mu ndoo nyuma ya nyumba. Jogoo mwengine mujomba ametoka naye Kilembwe. Mama Consolata ameloweka maharagi tangu jana. Kwa hiyo, Mama, tumeisha kungojana. Mi ni muzaliwa wa kwanza na natoa neno langu kwa karatasi, mbele ya ndugu ya mama na dada ya baba: kilio ya baba iishe leo. Ukilia, lia. Halafu uimbe.

Nisalimie shangazi kwa mikono yake migumu. Nisalimie mujomba, na umuambie huyu jogoo asimukule njiani. Nisalimie Mama Consolata. Deni la ile sauti yako ndogo ku telefone yake siwezi kulilipa. Nisalimie bamama bote ba korali, na yule mwenye anakaa pahali pako ajitayarishe kusogea. Nisalimie muke wa Wilondja na batoto babo, benyewe hawana kosa. Na Wilondja mwenyewe, nisalimieni, ni ndugu yangu. Hasira itapoa. Foto ni yeye atapiga, na aipige vizuri.

Mi ni mutoto wako wa kwanza,

Riziki

Wilondja, umemaliza kusoma. Kunja karatasi, mupe mama kifurushi, utoke inje ufunge mulango. Banawake biko na kazi.