Muhsin Hajarudi kutoka Kwenye Snuka

Kambi ya Mkonge,
Korogwe, Tanga.
9 Februari 2025

Mpendwa kaka yangu Sadala,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi Maryamu hamjambo, na kile kifua chako kimetulia. Sisi huku tunapumua tu. Simu yako haipatikani tangu mwezi uliopita, ndiyo maana barua hii nampa jirani yangu Grasiana, anayerudi kwa mumewe huko kwenu Geita.

Kaka, mpwa wako Muhsin amepotea. Wiki inakwisha sasa.

Unaikumbuka ile meza kubwa ya snuka iliyoachwa kwenye klabu ya zamani ya mabwana wa mkonge, ambayo shemeji yako Mustafa anailinda. Kule kugonga mipira matunduni kwa fimbo wewe ulikuita mchezo wa wahuni, mimi nikamwacha Muhsin acheze. Basi kijana alicheza hadi akaalikwa Dar es Salaam kwenye mashindano ya wachezaji wa kulipwa, yale ya kupanga nani ni wa ngapi nchini. Bodaboda walimsindikiza stendi kwa honi, na baba yake akatamba sokoni kana kwamba kombe limeshafika nyumbani.

Alitolewa raundi ya kwanza, michezo mitano kwa sifuri. Watu walitazama kwenye simu zao wakacheka. Hata mpira uliokaa mdomoni mwa tundu aliukosa. Aliyemfunga ndiye aliyekuja kuchukua ubingwa, lakini hapa kambini nani analijali hilo.

Iddy, rafiki yake aliyekwenda naye, ndiye aliyenifumbua macho. Alisema, "Mama, meza ya kule imelala sawa. Ya kwetu inaelemea dirishani, na mkono wa Muhsin umeshazoea kulenga upande wa juu ili mpira uteremkie tunduni." Ni kweli, kaka. Mguu mmoja wa meza yetu umezama sakafuni miaka mingi, mchwa wamekula mbao. Kambi nzima tulijua, na hakuna aliyewaza kwamba meza za wenzetu hazielemei. Mtoto alikuwa anapiga sawasawa kabisa, ila kwa meza ya nyumbani.

Alipompigia baba yake kumpa matokeo, Mustafa alikuwa kijiweni na wenzake. Kwa kuwaonea haya, akamwambia asirudi na aibu ile, akakata simu. Basi lilipofika Segera Muhsin akashuka, akamwambia Iddy anakwenda kununua maji. Hakurudi. Iddy alimtafuta kwenye vibanda vyote mpaka dereva akachoka kungoja. Na pale unapajua, unaweza kushika njia ya Tanga, ya Arusha au kurudi Dar. Simu yake imezimwa.

Mustafa anazunguka na picha ya mwanawe, mara Mkata, mara Handeni. Akirudi nampakulia chakula, lakini kusema naye nimeshindwa. Nina hasira naye.

Juzi tuliitwa mtoni Pangani. Walikuwa wameopoa maiti ya kijana. Mustafa alibaki juu barabarani, nikateremka mimi. Hakuwa Muhsin. Kaka, nilicheka. Nilicheka mbele ya watu, na mtoto wa mwanamke mwenzangu amelala pale kwenye majani hana wa kumfunika. Tangu siku hiyo najiogopa.

Tumaini lililobaki ni wewe. Kwetu Uzigua kijana akikosana na baba yake huelekea kwa mjomba, na Muhsin anajua hivyo. Nachelea atafika mlangoni kwako, nawe useme, si nilikwambia? Nakupigia magoti, usiseme. Habari za meza usimuulize. Mpe maji ya kuoga, mpe ugali, na ukiona anataka kuondoka mfungie mlango kwa nje mpaka nifike. Akikasirika, mwambie ni mimi niliyeagiza. Kama hajafika kwako, niambie hivyo hivyo, usinifiche.

Wifi na watoto nisalimie sana. Hapa Iddy anakuamkia, na Mustafa pia, ingawa hakuniambia nikuandikie hivyo. Mama yetu Zuena kule Handeni anakusalimu. Yeye hatujamwambia. Kila jioni anapiga simu kuuliza Muhsin amefika raundi ya ngapi, nasi tunamjibu bado anashinda.

Mola awalinde, na amlinde aliye njiani.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Hajira