Jina ya Furaha mu Rejista

Mujukuu wangu Neema,

Jambo sana kule Kisangani. Sisi huku Masisi tuko muzima. Mama yako anavuna maharagi, na mudogo wako anasomea mu ile nyumba ya masomo ya zamani ya matofali, yenye mimi pia nilisomea.

Umeniuliza: "Koko, wakati nilikuja kuwatembelea, directeur wa masomo alinionyesha rejista ya zamani. Juu ya nini jina yako haimo, na jina ya Furaha iko?"

Furaha alikuwa dada yangu mukubwa. Baba alimuandikisha, lakini alikufa mbele masomo ianze. Baba akaniambia: "Nafasi yake iko. Wewe njo utaenda."

Siku ya kwanza mwalimu aliita majina. "Furaha." Akarudilia. Nikasema: "Présent."

Akaniangalia sana. Alikuwa jirani yetu, na alifika ku kilio ya dada. Akasema polepole: "Furaha, ikala." Nikaikala.

Miaka sita niliitwa vile. Mpaka leo sijue kama mwalimu alinihurumia, ao kama kwake mutoto ni mutoto tu. Hata cheti ya kumaliza iko na jina yake. Mama alipoishika alilia, nami sikujua analilia mimi ao dada.

Unasema directeur iko tayari kuongeza jina yangu na kukata ile ya Furaha. Mushukuru, lakini umuambie aache kwanza. Furaha hana kaburi yenye tunajua leo. Akikatwa pale, atabakia wapi?

Mungu akulinde.

Koko yako, Riziki