Kulala Chali

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda! Mshauri wa kliniki alinipa ile karatasi wiki tatu zilizopita, nikaisukumia chini ya sahani kabatini. Leo nimeitoa. Yoga — mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mfua mashuka ya hospitali, nimekaa kwenye mkeka najishika vidole vya miguu. Wifi angeniona angecheka mpaka akae chini.

Chumba kiko ghorofani, juu ya duka la miwani. Tuko saba. Mwalimu ni mwanamke mwembamba, sauti ya chini, hamgusi mtu bila kumwomba ruhusa. Alisema hatuulizani nani kaletwa na nini. Anayetaka kukaa karibu na mlango akae. Nikakaa karibu na mlango.

Mambo yalikwenda salama mpaka mwisho. Eti tulale chali, tufumbe macho, tupumzike. Mchana kweupe! Nililala labda sekunde kumi. Nilipojitambua nilikuwa koridoni, viatu mkononi, jasho tele. Sijui nilitokaje mle ndani.

Alhamisi, 6 Machi

Acha niandike. Sijawahi kuliandika popote.

Pale kazini kila mtu ana kibao cha bati chenye namba yake. Ukiingia unakitundika ubaoni, ukitoka unakishusha. Tukibadilishana zamu hatumwambii msimamizi, maana atakataa kwa kukomoa tu. Anayekuja anatundika kibao cha mwenzake, basi. Sote tunafanya hivyo, miaka nenda miaka rudi. Siku ile wifi, mke wa kaka, ambaye naye alifua pale pale, alitundika changu.

Bomba la mvuke lilipasuka saa nne asubuhi, yeye akiwa mbele yake. Uso haukutambulika. Wakatazama ubao.

Kwa hiyo msimamizi akampigia kaka akamwambia dada yako amefariki. Kaka ni kinyozi. Alimwacha mteja na povu shavuni, akakimbia nyumbani, tulikokaa sote watatu, kumpa mke wake habari. Mlango nikamfungulia mimi, alama za mto bado shavuni. Akacheka! Akanikumbatia, akanishika kichwa, ni wewe, ni wewe. Alifurahi. Kisha akachungulia nyuma yangu akaita jina la mke wake. Akaita tena.

Kila mtu anajua nilikuwa naumwa tumbo siku ile. Ndivyo nilivyomwambia wifi asubuhi: tumbo linanikata, nenda badala yangu. Halikuwa linanikata. Nilikuwa nimechoka na sura ya msimamizi, nikataka kulala. Uvivu mtupu! Mwenzangu anaungua, mimi nimelala chali, mdomo wazi.

Miezi saba sasa nalala nimekaa kwenye kiti.

Jumanne, 11 Machi

Nilidhani mwalimu atanisema. Wapi. Alinionyesha ukuta, akasema mwisho wa kipindi naweza kukaa pale, macho wazi, nikatazama kitu chochote. Kulala si lazima. Akasema pia yoga haichukui nafasi ya mshauri, kule nisiache kwenda.

Halafu likaja la pumzi. Tuvute kwa pua, tutoe kupitia menoni — watu saba kwa pamoja, shhhh. Mvuke ule ule! Nikavuta viatu vyangu karibu, nikageukia mlango. Kuna mzee mmoja, dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, namwita Mstaafu, ambaye kazi yake pale ni kukoroma. Kumbe anaona. Akamnong'oneza mwalimu. Mwalimu akasema haya, leo tutoe kwa pua, kimya kimya. Hakunitazama, wala hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jambo dogo hilo limeniliza njia nzima.

Alhamisi, 13 Machi

Kaka ananihudumia kama yai. Kila asubuhi, kabla hata ya salamu, ananiuliza tumbo limeamkaje. Leo amekuja na karatasi ya hospitali. Amenitafutia daktari wa matumbo! Kipimo, kamera inashushwa kooni, Ijumaa ya tarehe 21. Atafunga duka la kunyolea siku nzima anipeleke mwenyewe. Anasema hana nguvu ya kuzika mara ya pili.

Nikamwambia asante. Asante! Mdomo huu sijui ni wa nani.

Jumapili, 16 Machi

Kaka kaingia akanikuta nimelala sakafuni, miguu nimeiegemeza ukutani. Akauliza nimeanguka au natafuta kitu darini. Tukacheka wote wawili, mara ya kwanza tangu msiba. Nikamwelekeza, naye akajaribu, soksi yake imetoboka kidole gumba. Tukawa hivyo, miguu juu, watu wazima wawili.

Ndipo akasema, huku anatazama dari: "Dada, unajua kinachoniamsha asubuhi? Kwamba alikwenda kwa ajili ya mgonjwa. Hakufa bure."

Nilishusha miguu. Nikasema chai inapoa. Hakukuwa na chai.

Nimekaa chooni nusu saa, taulo mdomoni. Nikimwambia, namnyang'anya hicho kimoja alichobakiwa nacho. Nisipomwambia, Ijumaa tutakwenda kutafuta ugonjwa usiokuwepo, naye akinishikia mkoba.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimelala. Kwanza ubavu. Mwalimu akauliza kama aniwekee blanketi zito lililokunjwa tumboni, nikakubali. Nikageuka chali, macho wazi, nahesabu mbao za dari. Sijui nilifika ngapi. Macho yakafumba yenyewe.

Sikumwona akiungua. Nilimwona akinifunika shuka. Asubuhi ile, kabla ya kutoka, alinifunika mpaka mabegani, akavuta pazia ili jua lisinipige. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa! Machozi yakaingia masikioni, nikayaacha. Mstaafu akanipa leso bila kugeuka. Kumbe leo hakukoroma.

Kwenye ngazi nilimuuliza, hivi mtu akiwa na neno litakalomvunja mwenzake, alitoe? Akasimama, kashika ukuta, magoti yake mabovu. Akanieleza kwamba ndugu wa wagonjwa walizoea kumuuliza wakiwa nyuma ya gari, je, bado yuko hai? Naye alijibu tumekaribia. Hata pale alipojua kuwa mtu ameshakwenda, tumekaribia. Miaka thelathini na moja.

Akasema, "Si maiti walionileta hapa, mama. Ni lile neno."

Akashuka ngazi moja moja.

Alhamisi, 20 Machi

Sikwenda darasani. Nimefungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza simu yake ikalia. Mara ya pili nikauliza chumvi iko wapi. Mara ya tatu yeye mwenyewe akanikatiza: nisile chochote kuanzia saa mbili usiku, daktari kasema tumbo liwe tupu. Amenipigia pasi gauni. Kaka! Hajawahi kupiga pasi nguo ya mwanamke maishani mwake, na mikunjo ameiweka mahali sipo.

Siwezi. Siwezi.

Ijumaa, 21 Machi

Acha niandike hivi hivi.

Saa mbili kasoro alikuwa tayari, koti kavaa, karatasi zote kwenye bahasha. Mezani palikuwa na mkate wake na chai yake. Mimi nimekaa mbele yake na gauni la mikunjo. Nikavuta pumzi kama mwalimu anavyotufundisha, nikaitoa polepole. Sikupata utulivu wowote. Nilipata sauti tu.

Nikachukua mkate nikauma. Kaka akanidaka mkono, ananikumbusha kipimo. Nikatafuna. Nikameza.

"Kaka, tumbo langu ni zima. Hata siku ile lilikuwa zima. Nilitaka kulala tu."

Hakuachia mkono wangu. Akauliza kitu kimoja.

"Yeye alijua?"

Nikasema hapana, aliamini kabisa. Nikamwambia alivyonifunika shuka, na pazia. Nilitaka kuomba msamaha, nikajikuta nakusanya makombo ya mkate.

Akaachia mkono. Akainuka, akaingia chumbani kwao.

Sasa ni saa tatu na dakika ishirini. Miadi ilikuwa saa tatu. Mlango ameuacha wazi, kwa hiyo namwona: amekaa kitandani upande wa wifi, koti hajavua, bahasha iko mapajani. Hospitali wamepiga simu, hakupokea. Chai yake imeganda utando juu.

Nimemuuliza kutoka hapa mezani kama nimmiminie nyingine.

Amesema, "Ngoja kwanza."

Nangoja.