Pumzi ya Kupanda Kwale

Jumatano, baada ya Alasiri. Mvua imekatika tangu adhuhuri na ua wetu bado una madimbwi. Nimeketi barazani, daftari magotini. Nataka kuandika kabla furaha haijanipoa.

Nimepita.

Daktari ameandika kwa mkono wake kwamba afya yangu inatosha, na mwezi ujao nitaanza mafunzo ya uuguzi Mombasa. Nimeisoma karatasi hiyo ndani ya basi tangu Msambweni mpaka tulipoteremka. Imelowa jasho la vidole vyangu.

Miezi miwili iliyopita nilitoka katika chumba cha daktari huyohuyo nikilia. Nilikuwa nimemaliza shule, jina langu limo katika orodha, kumebaki kupimwa afya tu. Lakini Ramadhani hii iliyopita niliugua homa ya mapafu, nikalala wiki nne. Daktari aliweka kijukwaa cha mbao sakafuni akaniambia nipande nishuke, nipande nishuke, huku yeye akitazama saa. Sikumaliza. Niliona giza, nikakaa chini bila kuruhusiwa.

Alisema mapafu yamepona, ila mwili umezoea kulala, na muuguzi husimama siku nzima. Mama akauliza sindano iko wapi. Daktari akasema hakuna sindano wala vidonge. "Atembee. Kila siku apande mlima, asisimame mpaka afike juu. Mrudishe baada ya miezi miwili nimtazame tena." Mama alinung'unika njia nzima. Kwake yeye, daktari asiyechoma sindano hajatibu.

Shangazi Mejumaa, dada yake baba, ndiye aliyejitolea kufuatana nami, maana msichana hawezi kupanda Kwale peke yake kila asubuhi na watu wasiulize. Yeye ni mnene, na magoti yake yalikuwa mabovu. "Nikifa njiani unizike hapohapo, usihangaike kunirudisha chini," aliniambia siku ya kwanza. Hakuwa anatania sana.

Sasa niandike jambo ambalo kwa miezi miwili sikumwambia mtu.

Sikufuata sharti la daktari.

Kutoka kwetu mpaka juu kuna nyumba nane kando ya njia, na katika kila baraza pana mtu mzima. Huwezi kumpita mtu mzima. Wiki ya kwanza nilijaribu. Nilisema shikamoo huku natembea, nikainua mkono, nikaenda zangu. Kusema kweli ilinifaa, kwa sababu mimi ni mwoga wa maneno. Mtu akinitazama usoni ulimi wangu huwa mzito. Siku ya nne Mzee Bakari, mshona makuti wa nyumba ya kwanza, akaja kumwona baba.

"Binti yako amesoma, twashukuru," alisema. "Lakini siku hizi akipita anatupungia mkono kama gavana. Na magavana wa Mwingereza tumeshawaaga."

Baba alicheka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikatamani ardhi ipasuke.

Basi nikaanza kusimama. Nyumba nane, vituo vinane. Hujambo mwanangu, mama hajambo, baba hajambo, mbuzi wamezaa, mvua huko chini ikoje. Na kila niliposimama nilijiambia kwamba hapa nimeharibu dawa. Niliiharibu asubuhi baada ya asubuhi. Nilijua nikimweleza mama atasema turudi hospitali tukadai sindano, na nikimweleza daktari atanifuta katika orodha. Kwa hiyo nilinyamaza, nikapanda, nikasimama, nikapanda.

Mwili nao ulikuwa ukifanya kazi yake bila kuniuliza. Usingizi ulirudi, ule wa kulala mara moja na kuamshwa na adhana. Nilianza kumaliza ugali wangu na kutazama sahani za wenzangu. Kikohozi cha alfajiri kikaacha, sikumbuki hata ni siku gani. Zile siku za kukaa ndani nikiwaza mabaya zikapungua. Ukipanda kilima kile, mawazo hukosa nafasi, unawaza mguu unaofuata tu.

Na shangazi. Miaka miwili alikuwa akisali juu ya kigoda. Mwezi uliopita nilimkuta amesimama wima, akarukuu, akasujudu, akainuka bila kushika ukuta. Alipokwisha kutoa salamu akaniona nimeduwaa mlangoni. "Usinitie kijicho," akasema, akakunja mkeka haraka. Macho yake yalikuwa na machozi lakini hakutaka niyaone, nami nimeyaandika hapa tu.

Leo asubuhi kijukwaa kilikuwa palepale. Nilipanda, nikashuka. Nilisubiri lile giza. Halikuja. Daktari alinishika kifundo cha mkono akahesabu, kisha akauliza kama nilipanda mlima bila kusimama.

Ningeweza kusema ndiyo. Mama alikuwa kando yangu, na kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake daktari.

Nikasema hapana. Nikamweleza habari ya nyumba nane, kwa sauti ya mbu, nikitazama viatu vyake. Nilipofika kwenye lile neno la gavana, daktari aliweka kalamu chini. Nikajua yamekwisha.

"Siku zile za mwanzo za kusimama," akauliza, "ukifika kwa huyo mzee wa makuti, uliweza kumjibu?"

Nilimwambia hapana. Mzee Bakari alikuwa akinisubiri nimalize kuhema ndipo aulize habari za nyumbani.

"Na juzi?"

Juzi nilimjibu yote. Tena nikamuuliza mimi habari za mkewe na wajukuu, mmoja mmoja kwa jina, mpaka shangazi akanivuta leso twende, jua linapanda. Hata katika nyumba ya nane, iliyo karibu na kilele, nilijibu hivyohivyo.

Daktari akaichukua tena kalamu. Akasema kosa ni lake, kwamba yeye ni mtu wa Mombasa na alipaswa kujua kuwa hapa hakuna njia inayopandwa bila kusimama. Kisha akasema pumzi inayosalimia nyumba nane mlimani itatosha kwa wodi moja. Akaandika.

"Kwa hiyo hata leo hakuna sindano?" mama akauliza.

"Hakuna, mama."

Nilidhani tukifika nyumbani kutakuwa na maneno mengi. Baba aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaenda kuifungia kabatini. Mama alivua buibui, akachungulia mtungi, akasema bila kugeuka, "Maji yamekwisha. Chukua ndoo uende kisimani, usikawie."

Tangu nilipougua hajapata kuniacha niinue hata sufuria. Wadogo zangu ndio waliokuwa wakiteka, nami nikikaa kivulini kama mgeni, nikiona haya. Nilisimama kidogo nikingoja ajirudi, aniambie basi, kaa. Alikuwa ameshaanza kuchambua mchele. Sidhani kama alitambua alichosema.

Nikaenda. Nimerudi na ndoo imejaa mpaka ukingoni, na sikumwaga hata kidogo njiani ili kuipunguzia uzito. Kesho nitakwenda kabla hajaniambia.