Baba Amenikataza Kuomba Heshima Yangu

Mpendwa Shangazi Apondi, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kuomba kuhitimu na mimi sijaomba, na si kwamba nimefeli, la, nimepata alama za daraja la kwanza, lakini chuo chetu kule Nyeri kinafundisha kwa Kiingereza na Kiswahili na kina utaratibu wake, kwamba hata uwe na alama zote za dunia lazima ujaze fomu ya kuomba kuhitimu, na ukitaka shahada ya heshima ueleze kwa nini unastahili, nusu ukurasa kwa Kiingereza na nusu kwa Kiswahili, na ukiacha upande mmoja fomu inarudishwa nawe unangoja mahafali ya mwaka ujao.

Upande wa Kiingereza niliumaliza nikinywa chai. Nilijisifu bila haya, kana kwamba namsema msichana mwingine. Lakini nikishika Kiswahili, kila sentensi naisikia kwa sauti ya baba na mkono unakataa.

Baba yangu, Mzee Gicheru, ni mkulima wa chai huku Kianyaga na mzee wa kanisa. Tukienda harusi yeye huketi nyuma kabisa, karibu na masufuria, na kungoja. Mama huinuka akisema anaenda msalani, na kabla hajarudi utasikia MC, "Jamani, Mzee Gicheru anafanya nini huko nyuma? Aletwe mbele!" Baba hukataa mara moja, kisha huja akifunga vifungo vya koti. Juzi Kerugoya ilikuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo nilipomwambia habari ya fomu alifura. "Ati uandike wewe mwenyewe ati uko bora? Wachuka, heshima haiombwi. Kaa hapo nyuma, hiyo chuo iko na macho, watakuita." Na huyo huyo, Shangazi, ameshatangaza kanisani kwamba binti yake ni wa daraja la kwanza, amealika kijiji kizima, na kuna mbuzi amefungwa nyuma ya jikoni ambaye siku hizi ananitazama vibaya.

Ni kweli nilienda Timau kuwahoji wakulima wa ngano, upepo ukanipasua midomo, na mtahini akasema utafiti wangu usomwe na wanaonifuata, na ni kweli mhadhiri wa takwimu alipougua ni mimi niliyewafundisha wenzangu na wakapita wote isipokuwa Ben, ambaye hakuwa anakuja, lakini mtu aliyelelewa vizuri huyaandikaje mambo kama hayo? Nikiomba namvunjia baba heshima, nisipoomba mbuzi ataliwa bure na mimi nitakuwa jikoni na leso kiunoni, nikiwapakulia wageni supu badala ya kuvaa joho. Nifanyeje?

Wachuka, Kianyaga

Wachuka binti yangu, pole. Sasa pangusa machozi unisikilize, maana umenikasirisha.

Chuo hakina macho. Chuo kina dirisha, nyuma ya dirisha kuna karani, na karani huyo hakujui. Usipoomba hatakutafuta. Atafunga dirisha Ijumaa jioni aende zake nyumbani.

Halafu usinidanganye ati huwezi kujisifu kwa Kiswahili. Umejisifu kwangu mimi, mtu usiyemjua, tena kwa Kiswahili safi! Upepo wa Timau upo, mtahini yupo, takwimu zipo, hata Ben amepata lake. Chukua maneno hayo, mtoe Ben, mtoe mbuzi, na pale uliposema "ni kweli" uache hivyo hivyo, kwa sababu ni kweli. Kusema ulichofanya si kujigamba. Kujigamba ni kutangaza kanisani kabla fomu haijajazwa, na hilo si kosa lako.

Baba yako simlaumu sana. Anakupenda, ndiyo maana mbuzi yuko hapo. Lakini wewe, msichana wa daraja la kwanza, umeketi naye kwenye harusi zote hizo na hujawahi kujiuliza kwa nini MC humwona mzee kila mama yako anapoenda msalani? MC ameambiwa, mpenzi. Miaka yote hii mama yako amekuwa akimwombea baba yako kiti cha mbele, naye hajui.

Kwa hiyo andika usiku huu. Kesho asubuhi umwombe mama yako akusindikize mpaka kwenye lile dirisha, na msiondoke kabla fomu haijapigwa muhuri. Baba akiuliza mnaenda wapi, mama anajua la kusema. Mkirudi mwambie mzee ukweli wote, umpigie magoti ukitaka, lakini fomu iwe imeshafika.

Na siku jina lako likisomwa, usianze kukataa kama yeye. Inuka uende mbele.